Barua za afisa wa majini na jamaa wa kitanda cha juu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Chumbageni, Tanga. Bibi mzaa baba alifariki mwaka jana, na katika sanduku lake la bati tumekuta barua 41 alizoandikiwa na babu kati ya 1973 na 1976, kabla hawajaoana. Babu, aliyefariki 2009, alikuwa afisa kijana wa jeshi la wanamaji. Nyingine aliziandika akiwa Kigamboni, nyingine akiwa China alikopelekwa mafunzoni. Zilipitia sanduku la posta la kaka yake bibi, aliyekuwa na duka Ngamiani. Zote zimejaa habari za rafiki wa babu anayemwita "jamaa wa kitanda cha juu", ambaye anakonda kwa kumpenda msichana wa Tanga. Katika ukoo mzima hakuna anayemjua rafiki huyo. Barua ya mwisho, ya wiki chache kabla ya ndoa, inasema jamaa "ameshuka salama", basi. Kurasa kadhaa zina herufi za Kiarabu nisizoweza kuzisoma. Barua tatu hazina stempu. Za bibi hatukukuta hata moja. Shangazi anataka zote zichomwe. Anasema babu alikuwa akimfanyia mtu ukuwadi na ni aibu. Baba mdogo anataka kuzipiga picha aziweke Facebook. Mimi nimepewa kuzitunza. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Kiberiti cha shangazi yako kiwekwe mbali, na simu ya baba yako mdogo irudi mfukoni. Hapo tutazungumza kwa utulivu.

Sijaziona barua zenyewe, lakini kwa ulivyonieleza, nadhani huyo jamaa wa kitanda cha juu hakuwapo. Au tuseme alikuwapo, ila kitanda alicholalia ndicho alicholalia babu yako. Aliyekonda ni babu. Msichana wa Tanga ni bibi. Na "kushuka salama" wiki chache kabla ya nikahi, mwanangu, hata mimi nilipolisoma nilicheka peke yangu.

Hila hii ninaijua kwa sababu ni ya kale miongoni mwa watu wa bahari, na aliyeitumia kwa umaarufu mkubwa ni yule admeri wa Uingereza mwenye sanamu juu ya nguzo ndefu katikati ya London, Horatio Nelson. Mwanzoni mwa mwaka 1801 Nelson alikuwa melini pwani ya kusini ya Uingereza, na mpenzi wake Emma Hamilton alikuwa London, mja mzito. Emma alikuwa mke wa Sir William Hamilton, aliyekuwa balozi kule Naples. Nelson naye alikuwa na mkewe, Frances. Barua zilipita mikono mingi, na mkono wowote ungeweza kufungua. Basi Nelson akabuni baharia. Akamwita Thompson. Thompson huyu yumo melini kwake, mkewe yuko London chini ya uangalizi wa Emma, siku zake za kujifungua zimekaribia, naye maskini amemwomba admeri amfikishie salamu. Mtoto, Horatia, alipozaliwa mwishoni mwa Januari, admeri aliandika kwamba huyo rafiki karibu arukwe na akili kwa furaha. Na kwa kuwa mapenzi hayajui kutunza uongo kwa muda mrefu, mara nyingine Nelson alijisahau, habari za Thompson zikachanganyika na zake mwenyewe ndani ya barua ileile.

Kisha, tarehe 1 Machi mwaka huohuo, akampata mtu wa kuaminika, Oliver, wa kuipeleka barua mkono kwa mkono. Humo Thompson hakuhitajika tena. Nelson anamwita Emma mke wake, machoni pake na mbele ya Mungu, na anaeleza kwamba sasa anaweza kufungua moyo kwa sababu anajua barua itafika. Wiki zilizotangulia alikuwa akizungumza kwa kinywa cha mtu wa kubuni.

Unaona ninakokwenda. Una barua tatu zisizo na stempu. Nitazirudia mwishoni.

Watu wengi wakishika barua ya zamani huuliza, nani aliandika, nani aliandikiwa. Mimi kwa miaka yote niliyofanya kazi na karatasi za watu nimejifunza kuuliza na la tatu: nani mwingine alikuwa akisoma? Barua ya mwanajeshi haina watu wawili tu. Upande wa babu yako kulikuwa na kambi, na kijana afisa hakosi kujua kwamba mambo yake hupita mikononi mwa wakubwa. Upande wa Tanga kulikuwa na huyo shemeji mtarajiwa mwenye sanduku la posta, ambaye ndiye aliyeshika ufunguo. Kijana asiyeoa kumwandikia dada wa mwenye duka maneno ya mahaba yakapitia mikononi mwa kaka huyo, kaunta ya duka, katikati ya mizani na gunia la sukari! Lakini kijana anayeeleza masaibu ya rafiki yake, hilo ni gumzo tu, hata kaka angeweza kulisoma na kusikitika naye.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, na ningependa umuulize shangazi: bibi alisoma shule, au alisoma chuoni tu, yaani chuo cha Kurani? Wasichana wengi wa pwani wa rika lake walihitimu Kurani bila kuingia darasa la Serikali. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima kwa sababu wasiojua kusoma walikuwa wengi mno, na katika takwimu zile aliyejua herufi za Kiarabu peke yake mara nyingi alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Kama bibi yako alikuwa miongoni mwao, basi kurasa za herufi za kizungu alisomewa na mtu, pengine mtoto wa shule wa nyumba ya jirani, na zile za herufi za Kiarabu alizisoma mwenyewe, taa ikiwa imepunguzwa. Barua moja inakuwa na sebule na chumba cha ndani. Sebuleni yumo jamaa wa kitanda cha juu. Chumbani sijui, na ndiyo sababu ukurasa mmoja wa herufi usizozijua usiuone kuwa nyongeza tu.

Si kufuli kamili, bila shaka. Kaka wa Ngamiani huenda naye alipita chuoni. Ila mwenye duka ana haraka, na mwandiko wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu haukubali kusomwa kwa haraka. Herufi zenyewe hazina p, ch wala v. Waandishi wengi wa zamani waliazima b, sh na f. Mb na nd mara nyingi waliziandika b na d peke yake. Vokali ni tatu, kwa hiyo e hujificha ndani ya i, na o ndani ya u. Neno "nakupenda" linaweza kukukabili karatasini kama "nakubida". Msomaji lazima awe anajua tayari kinachotaka kusemwa. Na bibi yako, nadhani, alijua. Hii ni njia ya kale kwetu. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizohizo, na leo zimehifadhiwa Goa, India.

Utafute mzee aliyefundisha chuoni, wa mtaa mwingine kabisa, asiyejua ukoo wenu. Mpelekee nakala, si karatasi asilia, na usimpe barua zote kwa mpigo. Kaa naye. Asome kwa sauti, wewe uandike. Ukimwachia aondoke nazo utakuwa umemwongeza msomaji wa tatu mwingine, wa mwaka huu.

Sasa utajuaje kama nadharia yangu ni kweli au mzee huyu amezama mno kwa Nelson? Tafuta mwili wa huyo jamaa. Mswahili hawezi kumtaja rafiki yake katika barua 41 asiseme kwao wapi, mtoto wa nani, cheo gani, anapenda kula nini. Asiye na kwao humtilia shaka. Kisha linganisha maradhi. Jamaa akiugua homa Agosti, babu alikuwa mzima Agosti? Jamaa akipata likizo, babu alirudi Tanga siku zilezile? Mwisho tazama viwakilishi vinavyoteleza, kama vya Nelson: "jamaa anasema hajalala tangu ile siku tuliyoagana." Tuliyoagana nani na nani? Ukikuta moja tu ya namna hiyo, umemshika. Na ikiwa jamaa ana kijiji, ana cheo, na yumo katika picha ya pamoja ya mafunzoni, basi nitakula maneno yangu. Lakini hata hapo kumsaidia rafiki kutuma salamu si ukuwadi, shangazi anisamehe.

Usipoteze muda mwingi kwenye salamu. "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu" ni mali ya umma. Kila aliyeandika barua enzi zile aliitumia, hata aliyekuwa akidai deni. Babu yako anaanza pale fomula inapoishia, au pale anapoipinda.

Kupanga tarehe kutakuchosha, lakini fanya kabla ya kusoma. Mabaharia huandika leo, wakaongeza kesho, wakatia posta wiki ya pili meli ikitia nanga. Tarehe iliyo juu ya karatasi na ile ya muhuri wa posta ni mbili tofauti, na tofauti yake nayo ni habari. Zilizotoka Kigamboni zitakuwa na stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kwa sababu posta ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na stempu hizo zilitolewa hadi 1976. Mihuri ya China huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukisoma kwa desturi yetu utajikuta Agosti imegeuka kuwa tarehe. Kurasa za herufi za Kiarabu huenda zimetiwa mwaka wa Hijria: 1394 ulianza Januari 1974. Tazama pia kona za karatasi, maana waandikao kutoka mbali huzitia namba barua zao kwa kuwa hazifiki kwa mpangilio, na pengo la namba litakuambia ni ngapi zimepotea. Hata mwandiko husaidia. Nelson alipoteza mkono wa kulia Tenerife Julai 1797, akajifunza kuandika kwa kushoto. Barua yake isiyo na tarehe hujieleza yenyewe iko upande gani wa siku ile. Kwa babu yako pengine ni kuhama tu kutoka kalamu ya wino hadi biki.

Na bahasha! Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilipewa mkusanyo wa barua za mfanyabiashara mmoja nizisafishe. Nikatupa bahasha zote ili faili lifungike vizuri. Mihuri yote, anuani zote, hesabu alizopiga nyuma ya bahasha kwa penseli, zikaenda jalalani. Mkubwa wangu hakunigombeza, alinitazama tu. Mpaka leo nikiona bahasha mkono hunitetemeka. Kila barua ilale na bahasha yake. Zile za karatasi ya buluu inayojikunja ikawa bahasha yake yenyewe, usizikate popote.

Kuhusu barua za bibi zisizoonekana, usimhukumu babu. Afisa ana kabati dogo, huhamishwa, hukaguliwa. Nelson alizichoma za Emma kwa makusudi, akamwambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya heshima yake, na akamwomba naye achome za kwake. Emma hakuchoma. Ndiyo maana dunia inamsikia admeri kwa mamia ya kurasa, na mwanamke aliyeandikiwa tunamsikia kidogo sana. Miongoni mwa chache za Emma zilizosalia ni alizoandika Oktoba 1805, na zilisalia kwa sababu moja: zilimfikia Nelson akiwa ameshakufa. Yeye naye alianza barua yake ya mwisho tarehe 19 mwezi huo, akaiongeza kesho yake, na tarehe 21 akauawa katika vita vya Trafalgar. Ilikutwa mezani pake bila kumalizika. Emma alipoipata aliandika mwishoni maneno machache, kwamba yeye ni mnyonge na Nelson ni mwenye fahari na heri. Karatasi hiyo iko British Library, London, na mwandiko wa wote wawili juu yake.

Lakini bibi yako hajapotea kabisa. Yumo ndani ya barua za babu. Kila penye "umeniuliza", "umenilaumu", "ulivyosema kuhusu kaka", nakili sentensi hiyo katika daftari la pembeni. Ukimaliza 41 utakuwa na nusu ya mazungumzo yake. Tazama na vitu: mwanamke wa Tanga asiyetaka kuandika jambo angetuma leso yenye jina linalolisema, na mpokeaji hangekosa kulitaja. Kama ndani ya bahasha kuna maua makavu ya asumini, jua kwamba aliyeyatia ni bibi, akiifunga tena barua baada ya kuisoma. Yatoe, yaweke katika karatasi yake mwenyewe na uandike yalitoka barua ipi, kwa sababu yanachafua wino.

Nirudi kwa wakubwa zako. Shangazi, kwa heshima zote: bibi aliishi na sanduku hilo zaidi ya miaka 40, na jiko la mkaa lilikuwa hatua kumi tu. Angetaka kuzichoma angezichoma. Tena hila ya barua ikiachwa bila kufunuliwa huwaumiza waliobaki. Horatia alibatizwa 1803 kwa jina la Horatia Nelson Thompson, jina la baharia asiyekuwapo. Alilelewa na Emma, akaishi hadi 1881, akakubali kwamba Nelson ni baba yake, lakini hakukubali hata siku moja kwamba Emma ndiye mama. Nawe shangazi uko karibu kumwita baba yako kuwadi kwa barua alizomposea mama yako.

Baba mdogo naye asikilize. Mwaka 1814, Emma akiwa amezama katika madeni, barua za Nelson zilichapishwa London. Yeye alikana kuhusika. Kila mtu akasoma, heshima iliyobaki ikaisha, na Januari iliyofuata akafa Calais, Ufaransa, akiwa fukara. Facebook haingoji hata mpiga chapa. Na kuna sheria: karatasi ni ya aliyeandikiwa, sasa ni ya warithi wa bibi, maneno ni ya aliyeandika, na kwa Tanzania hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Za babu yako mtazishika ninyi warithi wake hadi mwisho wa 2059. Mmoja peke yake hawezi kuamua kuzimwaga hadharani, hata akiwa na simu nzuri.

Ama utunzaji, mambo ni machache. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, na sanduku la bati hutoa jasho. Zitoe humo. Ondoa pini na klipu zote, kutu hula karatasi. Usipige pasi, usianike juani, usiunge palipochanika kwa selotepu, na mtu asikushawishi kuzitia plastiki ya moto dukani. Zipige picha mbele na nyuma karibu na dirisha, mchana wa mawingu, bila mwanga wa simu. Kisha ziweke katika boksi la kadibodi safi, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Masika yakija zikague kama mchwa hawajafika. Baadaye mkikubaliana kuzitoa nyumbani, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hupokea, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu. Si lazima. Barua za mapenzi zina haki ya kubaki kabatini.

Zile tatu zisizo na stempu, usizisome kwanza, ingawa najua vidole vinakuwasha. Soma za posta zote kwa mpangilio wake, umzoee huyo jamaa, umjue anavyougua na anavyotania. Halafu siku moja alasiri mwite shangazi yako, ninyi wawili tu, mpike chai, ndipo mzifungue. Barua isiyo na stempu ilikuja mkononi mwa mtu, pengine mwenzake aliyekuwa likizo, akavuka na pantoni ya Kigamboni, akapanda basi la Tanga nayo mfukoni. Mwache shangazi ndiye asome, kwa sauti. Kama jamaa wa kitanda cha juu hayumo humo, hutakuwa na haja ya kumweleza chochote.